Bi Dodoso na Mishahara ya Wasanifu

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kwa wasanifu majengo wote mjini alikuwa Bi Dodoso, mwanamke wa miraba minne ambaye kicheko chake kilitangulia kufika, yeye akafuata.

Aliajiriwa na chama cha wasanifu hao. Kila mwaka alizunguka ofisi zao akiuliza: mna wafanyakazi wangapi, mnalipana vipi, kazi zinaingia au zimekauka? Majibu yalichanganywa yakawa takwimu za taaluma nzima, bila jina la ofisi wala la mtu, ili kijana anayetafuta kazi ajue aombe mshahara gani, na mwenye ofisi ajue hali ya wenzake. Jambo jema, kila mtu alikubali. Ila kujibu sasa! Msanifu atakueleza habari za dirisha moja mpaka chai ipoe, lakini mguse mshahara, anakuwa bubu.

Bi Dodoso hakukata tamaa kirahisi. Wasichana wa mapokezi, waliotumwa kusema bosi hayupo, walimwita shangazi, na haohao ndio waliomnong'oneza ni mlango gani bosi anapitia.

Mwaka huo zilibaki ofisi chache, kubwa kuliko zote ikiwa ya msanifu waliyemwita Mzee Ngazi, kwa sababu hakuna nyumba aliyoichora bila kuipa ngazi ya kujivunia. Hakuwahi kujibu hata mara moja.

"Huyo mwache," katibu wa chama alimwambia. "Utapoteza muda bure."

"Nimwache vipi, na wengine wanasema hawajibu mpaka yeye ajibu?"

Akaenda. Ngazi ya ofisi hiyo ilipinda kwa madaha hadi ghorofa ya tatu. Bi Dodoso alifika juu akihema, akajitupa kwenye kiti kando ya meza iliyojaa vijumba vya kadibodi. Mzee Ngazi akatokea, mwembamba, penseli nyuma ya sikio.

"Mama, nilishasema. Mshahara ni mambo ya ndani. Hivi wewe ungekubali mtu baki akuulize unalipwa ngapi?"

"Niulize."

"Haya, unalipwa ngapi?"

Akamtajia. Palepale, kwa sauti, mpaka wachoraji walioinamia kompyuta zao wakageuka. Mzee akatoa penseli sikioni, akairudisha. Hakulitegemea hilo. Bi Dodoso naye alishtuka kivyake: miaka yote hiyo ya kuuliza watu, hakuwahi kuitamka hesabu yake mwenyewe, na ilipomtoka mdomoni ilisikika ndogo, ndogo kweli.

Mzee Ngazi akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango.

"Najua mnachosema huko. Eti nawabania vijana wangu."

"Mimi sijasema kitu."

"Wanalipwa, tena kwa wakati. Anayekosa ni mimi." Akageukia dirishani. "Mteja akilalamika kidogo tu, napunguza ada. Nusu mwaka sasa sijajilipa hata senti. Mchoraji wangu mkuu ananizidi mshahara! Sasa nijibu nini? Niseme sifuri, mtu mzima na mvi zangu?"

Kicheko kilimbana Bi Dodoso, akakimeza.

"Mzee wangu, siruhusiwi kutaja ofisi ya mtu. Lakini hizo sifuri nimekutana nazo mwaka huu mpaka nimezizoea."

"Acha utani!"

"Tena kwa watu wenye magari ya maana."

Mabega ya Mzee yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akatafuta leso, na mchoraji mmoja akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Akajibu maswali yote, na mengine ambayo hakuulizwa. Hakuishia hapo, akampigia simu msanifu wa mtaa wa pili: "We bwana, mbona hujajibu? Unaogopa nini?"

Ripoti iliposomwa kwenye mkutano wa chama, ilipofika sehemu ya wenye ofisi wasiojilipa, watu wakaanza kutazamana kwa pembe za macho. Mmoja akaangua kicheko, ukumbi mzima ukafuata. Mzee Ngazi akasimama, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mteja akimwomba apunguze ada, atampunguzia chumba.

Lakini ile hesabu ya mshahara wake ilikuwa bado inamlia Bi Dodoso masikioni. Kesho yake akaingia kwa katibu.

"Leo nimekuja kwa shida yangu mwenyewe."

Katibu akajikuna kichwa, akataja bajeti, akataja kamati. Bi Dodoso alikaa tu akitabasamu, hana haraka, mpaka katibu akachukua kalamu na kuandika ombi la nyongeza yeye mwenyewe. Kamati ikampandishia mshahara. Si kama alivyotaka, ila alirudi nyumbani akiimba.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja. Aliposikia habari, nusura aiunguze.

"Hongera, mke wangu! Sasa nikushonee nini?"

"Gauni. Lakini nalipa, tena bei ya mteja."

"Bei ya mteja, wewe?"

"Ndiyo, na usinipunguzie hata kidogo."

Fundi akazima pasi, akavuta tepu shingoni, akaanza kumpima mabega huku akitaja bei kubwa ambayo hakuna mteja aliyewahi kuisikia.