Bega la Mzee wa Besiboli

Njoo ukae hapa, mwanangu, na hiyo simu iweke chini. Nakumbuka asubuhi moja kule mji wa Crystal, hapa hapa Marekani, bibi yako bado msichana, nasoma huku nafanya kazi ya kutunza wazee. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja ambaye ujana wake wote alilipwa kurusha mpira wa besiboli, kama unavyotamani wewe. Uwanja mzima ulikuwa unasimama kumshangilia. Nilipomkuta mimi, mkono ule wa kurushia ulikuwa haufiki hata kichwani. Nywele nilimchana mimi. Aliniambia bega lilianza kumuuma wakati jina lake limevuma, akamficha kocha, akamficha na mkewe, akaendelea kurusha mpaka likaharibika kabisa. Akarudishwa nyumbani angali kijana.

Nilimpenda sana yule mzee. Nilimfundisha salamu zetu, na kila asubuhi nikisema shikamoo, anaitikia marahaba ya kutikisa madirisha, utadhani kazaliwa Moshi.

Basi siku hiyo nikamwamkia, kimya. Nikarudia, kimya. Mgongo ulikuwa unaniuma kwa kumwinua peke yangu, lakini nilijikaza na kucheka, nikiogopa wakubwa wa kazi wakijua watanifukuza. Kumbe mzee ananiona! Kazi yake uwanjani ilikuwa kumsoma mpigaji kwa jinsi anavyosimama, kabla hajamrushia mpira. Nilipoinama nimwinue, akang'ang'ania kitanda kwa ule mkono mzima.

"Siinuki," akasema. "Kamwambie nesi mgongo unakuuma. Mimi nilinyamaza, na leo nachanwa nywele na wewe."

Machozi yalinitoka. Nikaenda, nikasema. Wala sikufukuzwa, nilipewa mwenzangu wa kunisaidia. Niliporudi, marahaba ilinipokea mlangoni kabla sijafungua mdomo.

Haya, sasa wewe. Tangu Jumapili unakula kwa mkono wa kushoto, ati umezoea. Umezoea lini? Najua Jumamosi kuna mechi ya besiboli kule Blaine na unaogopa kocha atakuweka benchi. Akuweke. Benchini utainuka, mwanangu, bega likiharibika hutapewa lingine. Maumivu yaseme mapema, uwaambie wanaokupenda, hata kama sauti inatetemeka.

Kesho ukiniamkia sikuitikii, mpaka uwe umemwambia mama yako. Ukishasema, marahaba yako ipo, na dua yangu juu yake: Mungu akulindie mkono huo, uzeeke nao, na mvi zako uzichane mwenyewe.