Kuonja Tembo Tamu, Zinga Hadi Kaole

Nilitoka Bagamoyo mjini baada ya sala ya alfajiri kwa sababu ya mikate. Binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa kesho yake, na shangazi hataki hamira ya dukani katika mkate wa kumimina. Anataka tembo la mnazi lililogemwa asubuhi hiyohiyo, likiwa bado tamu, halijawa ulevi. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuonja tembo.

"Nenda wewe," aliniambia. "Husemi sana, lakini ulimi unao."

Zinga nilimkuta mgema amekaa na mwenzake. Nilimwamkia, nikaeleza haja yangu kwa sauti ndogo.

"Tamu kama sukari," akasema, akanijazia kikombe.

Likaniuma ulimi, likanipanda puani. Nikalitema mchangani.

"Bwana mdogo, mbona unamwagilia mnazi wangu?"

"Mwache," mwenzake akasema, "huyo anatafuta togwa."

Niliondoka huku wakinicheka. Nilisukutua njia nzima kwa maji niliyochukua, nikitema. Kama kuna lililopita kooni, sikujua.

Mlingotini mgema alikuwa bado juu ya mnazi. Sikuweza kusimama pahala pamoja mpaka aliposhuka. Kibuyu chake kilinuka mabaki ya jana. Nikamrudishia.

"Hujaonja!"

"Nimeshajua," nikasema, nikashangaa mwenyewe.

Kaole, mgema aitwaye Shomari aliosha kibuyu mbele yangu, akagema, akaonja yeye kwanza. Nilipoonja, lilikuwa kama dafu lenye asali. Nikajaza dumu.

"Fika nalo upesi," akasema. "Jua likilikuta, usimwambie mtu ni langu."

Nikainuka. Mkewe akatoka na sinia la wali. "Karibu, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba wapi, nawe umetoka alfajiri?"

Niliona haya, nikakaa. Nilikula mguu ukinicheza, macho kwenye dumu. Kila nilipotaka kunyanyuka, aliongeza samaki. Adhana ya adhuhuri ilinikuta bado natafuna.

Nyumbani mchele ulikuwa umekwisha sagwa. Wanawake wote wakanigeukia.

"Liko sawa?" shangazi akauliza.

Nikamimina kidogo kiganjani, nikalamba. Lilikuwa limeanza kuuma, kidogo tu. Hakuna mwingine pale ambaye angejua.

"Limegeuka, Shangazi. Usilitie. Nilikaa kula."

Mmoja akaguna. Shangazi akalimwaga nyuma ya jiko.

"Jioni wanagema tena?"

"Wanagema."

"Basi rudi. Na wakikukaribisha chakula?"

"Aseme amefunga," jirani akadakia.

"Asiseme uongo. Aseme shangazi yake mkali."

Nilijifunza siku ile kwamba ulimi unazoea kuonja haraka kuliko unavyozoea kusema. Jioni Shomari alinijazia dumu jingine. Mkewe alipotoka na sinia, nilikuwa nimeshafika barabarani, nampungia mkono.