Mandazi na Ndege wa Zuhura

Jua la saa nne likishika mabati ya mtaa wetu wa Karagita, kando ya ziwa, yalikuwa yakilia tak, tak, na juu ya paa la bafu la ploti yetu ya vyumba vya kupanga betri zilikuwa zimepangwa mstari zikiota jua. Hiyo ndiyo sauti ya likizo yangu nilipokuwa na miaka kumi. Mama alikuwa shambani akikata waridi, nasi watoto tuliamini kabisa kwamba betri iliyokufa ikianikwa hufufuka. Na hufufuka kweli, ila kidogo. Tulizihitaji kwa mashine ya mkononi ambayo mjomba aliniletea kutoka kwa wauza mitumba wa Nairobi, yenye mchezo wa kukamata vinyama, kuwafunza na kuwapiganisha.

Nilikuwa na kinyama wa udongo, mnene, mwenye macho madogo, niliyemwita Mandazi. Nilimpenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya binamu zangu. Lakini waliotunga mchezo ule walikuwa wajanja: kinyama wa aina yake hakukua kamili mpaka umpe mtu mwingine kupitia waya unaounganisha mashine mbili. Hata leo nawavulia kofia. Wangeweza kudai nishinde mapambano mia, lakini walitaka nimwamini mtu. Na mtu pekee niliyemjua mwenye mashine na waya alikuwa Zuhura wa mlango wa tatu, ambaye baba yake aliendesha lori la maua. Siku tatu nilikosa raha, nikiwaza atakavyokaa na Mandazi wangu.

"Nyambu, wacha uoga," aliniambia tukiwa tumekaa mlangoni kwao. "Nakupea ndege yangu, unanipea huyo wako. Akishakua tunarudishiana. Wallahi."

"Na ukikataa?"

"Si utakuwa na ndege yangu?"

Tukaunganisha waya. Kwenye kioo chake Mandazi alimeta, akavimba, akaota pembe mbili, nasi tukakumbatiana kama watu waliopata mtoto. Tulipoanza kurudishiana, kioo changu kikafifia kisha kikazima. Betri za kuanikwa zilikuwa zimetosha safari ya kwenda tu. Tukazirudisha juu ya paa, lakini mawingu yalikuwa yametanda juu ya ziwa, tukaambiana kesho. Kesho yake nilitoka kanisani nikakuta mlango wa tatu una kufuli. Baba yake alikuwa amepata kazi Mombasa na walikuwa wameondoka asubuhi na vyombo vyao vyote. Nililia mpaka Mama akadhani nimeumwa na nyuki.

Kwa miaka nilimwita Zuhura mwizi. Yule ndege nilimfungia ndani ya mchezo bila hata kumtazama. Nilikuwa kidato cha pili nilipofungua ukurasa wa ndege huyo mchezoni kwa kukosa la kufanya, nikaona jina la mwenye wake wa kwanza, Zuhura, na kwamba ndege alikuwa kinyama wake wa kwanza kabisa, yule unayepewa mchezo ukianza, aliyelelewa hadi akawa na nguvu kuliko wangu wote. Wengine wakibadilishana hutoa takataka. Yeye alinipa aliyempenda. Niliona aibu ambayo haijaniisha.

Leo, hapa Nakuru, binti yangu anacheza toleo jipya la mchezo uleule, na mimi hukaa kando yake nikishangaa. Nyika ni pana, vinyama wanatembea nyuma yako, na anabadilishana na watoto wa nchi asizozijua kabla chai haijapoa. Ninaupenda sana mchezo huu kwa jinsi unavyokua bila kusahau ulikotoka. Juzi aliniambia kwamba vinyama wa matoleo ya nyuma wanaweza kuhamishiwa kwenye mapya, isipokuwa wale wa zamani sana kama wangu.

"Mum, ungekuwa wewe ndio unatengeneza inayokuja, ungeweka nini?"

Nikamwambia ningefungua mlango kwa wale wa zamani, nimrudishie Zuhura ndege wake.

"Na Mandazi?"

"Mandazi abaki naye."