Baruti Nayo Inasikia Baridi

Juzi nilikuwa duka la vifaa vya ujenzi, Makambako, nikinunua misumari. Baridi ilikuwa imetukusanya wateja wote kwenye jiko la mkaa mbele ya kaunta. Akaingia mzee mmoja kutoka Njombe, akatusalimu "Kamwene", akatua kikapu chake, akaulizia mbao za dari.

"Za nyumba, mzee?" aliuliza dada muuzaji.

"Za banda la uani. Nimeligeuza karakana, najaza upya maganda ya risasi. Nguruwe pori wanamaliza mahindi yangu. Tatizo ni bati tupu, baridi yote inaingia, baruti inashika unyevu."

"Sasa unaikaushaje?"

"Kama unavyokausha soksi," alijibu, akiyanyooshea makaa viganja vyake.

Tulicheka. Dada hakucheka, macho yake yalikuwa kwenye kikapu.

"Humo umebeba nini, baba?"

"Ile iliyolowa," alisema kwa upole, akikisogeza karibu na jiko. "Nayo ipate joto kidogo."

Huku kwetu tumelelewa tukiambiwa kwamba baridi inaua. Hakuna aliyetuonya kuhusu wanaoikimbia.

Misumari yangu niliilipia, ila bado iko kaunta. Anayeitaka akaichukue.