Mstari wa Nne Kiganjani

Mimi hasira zangu ziko karibu, na ndizo zilizoniponza. Miaka ya tisini tulisoma kompyuta katika chuo kimoja Ruiru, mimi na jirani yangu wa mtaa wa Kamenu. Mashine zilikuwa chache, kwa hivyo programu tuliandika kwanza kwa kalamu tukingoja zamu. Wengine tuliandika daftarini. Yeye aliandika kiganjani.

Lugha ya kompyuta tuliyofundishwa ilipenda vijikazi vidogo, yaani vipande vifupi vya programu. Kijikazi kinashika kitu cha kwanza kwenye orodha, kisha kinajiita chenyewe kishughulikie vilivyobaki. Mstari wa mwisho ndio unakiambia kisimame. Sheria ya jirani yangu ilikuwa moja tu: kisichoenea kiganjani ni kikubwa mno, kikate.

Jumatatu moja aliiona programu yangu, kurasa mbili nzima, imegoma. Akacheka. "Dada, hii ni sufuria ya harusi! Igawe."

"Wewe na kiganja chako, nitokee!" nikamfokea mbele ya darasa zima. "Usiguse kazi yangu tena."

Alirudi kwenye kiti chake. Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Nikasema, anaringa huyo, wacha aringe. Kumbe malaria ilikuwa imempanda kichwani. Alhamisi asubuhi mama yake alituma mtu anigongee mlango.

Kwetu Waislamu, wanawake ndio humwosha mwanamke mwenzao akifa, na mimi nikawa kati ya wanne walioitwa. Nilipewa mkono wa kushoto. Nikaukunjua. Jamani! Wino wa biro, mistari minne, na ndani yake jina la orodha yangu, ile ya programu iliyogoma.

"Jana aliomba kalamu," mama yake akasema. "Hatukujua ya nini."

"Sugua, mwanangu," akasema mama aliyetuongoza. "Maji lazima yafike kwenye ngozi."

Nikasugua kwa sabuni huku nikisoma. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne ulitoka machozi yakiwa yamenijaa, sikuona kitu. Mpaka leo nikiosha vyombo, naogopa kutazama maji yakibadilika rangi.

Matanga yalipoisha nilirudi Ruiru, nikaandika ile mistari mitatu vile vile alivyoiandika. Mashine ikazunguka, ikazunguka, mpaka ikaganda. Wa nne ningeweza kuutunga, si jambo gumu hata kidogo. Mkono ulikataa.

Mwalimu akaja akasimama nyuma yangu. "Umesahau kukiambia kijikazi kisimame."

"Sijasahau, mwalimu," nikamjibu. "Niliusugua mwenyewe."