Mgebuka Niliyemsifia Ziwa Likiwa Limefungwa

Nina tabia moja ambayo kwa miaka mitatu niliiona kuwa kipaji. Kila Jumamosi mchana, nikishafunga steshenari yangu hapa Gungu, naandika maoni kwenye kundi la wasapu la mtaa wetu: filamu niliyoitazama wiki hiyo, kitabu nilichosoma, na mahali nilipokula nikashiba. Hakuna aliyeniomba. Nilianza kwa utani, watu wakapenda, kichwa kikavimba. Ikafika mahali nikipita sokoni mtu ananiuliza, "Dada, wiki hii tule wapi?" nami najibu kama daktari anayeandika dawa.

Sasa niseme ukweli ambao kundi halikuujua. Ile filamu ya ndugu wawili wanaogombea shamba, niliyoisifia mpaka kibanda cha video kule Ujiji kikajaa, sikuiona mwisho. Umeme ulikatika mtafsiri wa kibandani akiwa katikati ya sentensi, tukatoka nje tukilalamika, nikaenda zangu nyumbani. Lakini niliandika kwamba mwisho wake ulinikaba koo. Mtu akaniuliza kama yule ndugu mdogo alikufa. Nikamjibu, "Nenda ukaone mwenyewe, sitaki kukuharibia utamu." Na riwaya kuukuu niliyoiita asali tupu, niliiacha sura ya tano kwa sababu mhusika mkuu alikuwa ananiudhi. Analialia mno. Sijui mpaka leo alifikia wapi.

Sikuona ubaya. Nilijiambia dhambi ni kumsema mtu vibaya, ila kumsifia kupita kiasi ni ukarimu tu. Nani aliwahi kuumizwa na sifa?

Basi wiki moja nikaenda kula kwenye mgahawa wa mabati ulio nyuma ya barabara yetu. Mwenye mgahawa ni mama wa makamo, mzaliwa wa Kagunga, mkimya, anayepika kwa mkaa na kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Wakati huo ziwa lilikuwa limefungwa. Ni ile miezi ambayo uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane, na wavuvi wa Kibirizi wanashinda vijiweni wakicheza karata, mitumbwi imefunikwa kifudifudi, kila mtu ana hasira kidogo. Mjini wanakula maharage na dagaa wakavu waliobaki.

Mama yule akaniletea mgebuka, samaki wa ziwa letu tunayejivunia hapa Kigoma. Mgebuka mzima, kakaangwa kidogo kisha akapikwa kwa mawese, nyanya na pilipili, na ugali wa muhogo uliosongwa mpaka unang'aa. Nilikula nikasahau simu. Nilipomaliza nikamuuliza, kwa sauti ya chini kama watu wanaofanya magendo, amempata wapi samaki mbichi wakati huu.

"Oya, mwanangu," akasema, yaani hapana kwa Kiha, huku akicheka. "Huyo ni wa friza. Nilinunua ziwa halijafungwa, maafisa wa uvuvi wakaja wakawahesabu, wakaniandikia. Karatasi ile pale ukutani."

Niliiona karatasi, na mhuri wake. Hakunificha kitu.

Lakini hebu fikiria aibu yangu. Mtu aliyezaliwa na kukulia Kigoma, aliyelelewa kwa migebuka, ameshindwa kutofautisha samaki wa friza na samaki wa leo! Kwetu hapa mtu anayesifia samaki wa friza anachekwa kama mgeni aliyeshuka na treni jana. Sikuwa tayari kuchekwa. Jumamosi nikaandika hivi, na maneno nayakumbuka yote: "Nimekula mgebuka mbichi, ametoka ziwani alfajiri, bado ana harufu ya maji. Mama huyu hana mpinzani." Nikaeleza na mgahawa ulipo, ili mtu asipotee.

Alama za dole gumba zikamiminika. Kuna aliyechukua maneno yangu akayapeleka kundi jingine, huko nako wakayasogeza mbele, jina langu likabaki nyuma. Ile Jumamosi nilifurahi kwamba nimesomwa mbali.

Jumatano nikapita nikakuta mlango wa mabati umefungwa kwa kufuli. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria pale kivulini akanieleza bila kuulizwa. Maafisa wa uvuvi walifika, wakalifunga friza mpaka jambo lieleweke. Na kabla yao walifika wavuvi, wengi wao wateja wake wa kila siku, wakasimama mlangoni wakamwambia, "Sisi tumekaa na njaa na watoto wetu, wewe unapikia watu samaki wa alfajiri. Nani anakuvulia?" Mama aliwaonyesha karatasi. Hawakuisoma.

"Lisemwalo lipo, dada," yule dereva akamalizia. "Mtu hawezi kuandika tu kitu hivihivi."

Nilirudi steshenari nikakaa mbele ya kompyuta bila kuiwasha. Nilikuwa na njia rahisi kabisa: kuandika kwenye kundi mistari miwili, kwamba nilikosea. Nikaandika, nikafuta. Nikaandika tena. Nikajiambia nisubiri kesho, pengine watamwachia, na jambo lililokwisha halina haja ya kuchokonolewa. Nilikuwa mwoga, nililijua hilo hata nilipokuwa najipa sababu.

Kesho yake asubuhi mama akaja mwenyewe. Si kunigombeza. Alikuja kama wanavyokuja wengine wote pale Gungu, kuandikiwa barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona nije kwako, wewe unajua kupanga maneno."

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akaweka karatasi yake yenye mhuri juu ya meza, akaanza kunieleza mimi habari yangu mwenyewe. Kuna mtu aliyeandika kwenye simu. Hajui ni nani, aliyemwonyesha alisema maneno yalikuja hayana mwenyewe. Friza ndilo mgahawa wake, na mgahawa ndio uliomsomesha binti yake wa mwisho, na sasa hata majirani waliokuwa wakimwazima chumvi wanapita upande wa pili wa barabara. Anataka ofisi ijue kwamba hajawahi kumtuma mtu ziwani.

Nikaandika. Nilipofika pa kumtaja yule mwandishi, nikaandika kwamba mtu asiye na nia njema alisambaza uongo kwa lengo la kumharibia biashara. Hapo nilikuwa najitukana mwenyewe, na nilipata nafuu kidogo, kama mtu anayejichapa kwa fimbo laini. Nikamsomea.

"Hapo hapana," akasema. "Ondoa."

"Niondoe nini, mama?"

"Nia mbaya. Huyo mtu alikuwa ananisifia. Alikula chakula changu akakipenda, akateleza ulimi. Andika kwamba alipenda chakula."

Nikaandika kwamba alipenda chakula. Nikachapa, nikamkabidhi, akanibariki kwa jina la Imana, kama Waha wanavyomwita Mungu, akaondoka. Na mimi nikabaki nimekaa na mdomo wangu umefungwa. Nimefanya mambo ya aibu maishani, nimewahi kumkana hata shangazi yangu mbele ya wenzangu wa shule, lakini kile kimya cha asubuhi ile ndicho kibaya kuliko vyote.

Siku iliyofuata akarudi, akaiweka tena karatasi yake mezani. Barua wameipokea, akasema, na samaki wa friza wamehesabiwa wamekutwa sawa na karatasi. Kinachowasumbua ni yule mgebuka wa alfajiri. Kama si wa friza, ametoka wapi? Aliyesema amemla aje aeleze, vinginevyo friza halifunguliwi.

"Sasa wewe uko kwenye hayo makundi," akaniambia, na macho yake yalikuwa na tumaini. "Niulizie, mwanangu. Mwambie sina ugomvi naye. Aje tu aseme."

Nilitazama chini, pale ambapo nyaya za kompyuta zimejikunja, nikasema, "Mama, ni mimi."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikamwambia nilikuwa nimesikia vizuri aliponiambia ni wa friza, na karatasi niliiona, nikaandika vile kwa sababu niliona aibu kuonekana sijui samaki. Nilitegemea apige kelele. Badala yake aliichukua ile karatasi yake kutoka mezani, akaikunja mara mbili taratibu. Kisha akauliza, "Na barua uliniandikia wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Nikiwa nimekaa hapa."

"Ndiyo."

"Ego," akasema, ile ndiyo ya Kiha isiyokubali wala kukataa kitu, akasimama. "Twende."

Tulikwenda kwa miguu, yeye mbele. Ofisini afisa mmoja, mwanamama mpole mwenye miwani, alisoma maneno yangu kwa sauti kutoka kwenye simu yake. Sikuwa nimewahi kuyasikia yakisomwa na mtu mwingine. Yalikuwa mazuri kweli.

"Ulimwona huyu samaki akitoka ziwani?"

"Hapana."

"Mama alikwambia ametoka ziwani?"

"Hapana. Aliniambia wa friza."

"Sasa kwa nini uliandika alfajiri?"

Nilitafuta sababu yenye heshima nikaikosa. "Ilisomeka vizuri," nikasema. Afisa akavua miwani, akamtazama mama, akanitazama mimi, akanisogezea karatasi na kalamu. Niliandika maelezo kwa mkono wangu, nikatia sahihi. Friza likafunguliwa jioni ileile.

Kwenye kundi nako niliandika yote, la samaki, na nikiwa huko nikaungama na filamu na riwaya. Wengine walicheka, wengine wakanisifu kwa ujasiri, jambo lililoniuma kuliko matusi. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Maneno ya alfajiri yalikuwa yamefika Simbo na kwingine nisikokujua, na ya kusahihisha hayakutoka nje ya mtaa wetu. Wavuvi waliporudi mgahawani walirudi wachache wachache. Wapo wawili watatu ambao hawajarudi mpaka leo, wanakula kwingine, na wakiulizwa wanasema pafukapo moshi pana moto.

Siku hizi siandiki tena Jumamosi. Bado naenda video, bado nasoma, na wiki hii nina riwaya ya mke wa nahodha ambayo nimeimaliza kweli na nimeipenda, ila sina wa kumwambia atakayeniamini. Na bado naenda kula kwa mama. Hanifukuzi. Ananikaribisha, ananipangusia meza, ananiwekea maji ya kunawa kama mteja mwingine yeyote. Haniiti tena mwanangu. Ananiita dada.

Jumanne iliyopita nilikula kwake kuhe, samaki mwingine wa ziwa letu, kwa mawese, na naapa sijawahi kuonja kitu kama kile. Alipokuja kuchukua sahani nilishindwa kujizuia. Nikamwambia, "Mama, samaki wa leo mtamu sana."

Alisimama na sahani mkononi, akanitazama kidogo, kisha akamgeukia mzee mmoja aliyekuwa anakula meza ya pili.

"Baba," akamuuliza, "eti samaki mtamu?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali, mdomo umejaa.

"Ahsante, baba," akasema mama, akarudi jikoni.