Kipimo cha Paka

Mama hakumpa paka wake jina. Alimpa matusi tu, ya Kihaya na ya Kiswahili, na siku akikasirika sana aliongeza neno moja la Kiingereza alilolichukua kwangu, "rabishi", ambalo alilitamka vizuri kuliko mimi niliyelisomea. Paka mwenyewe alikuwa mwizi wa daraja la juu. Sufuria iliyofunikwa na kuwekewa jiwe aliifungua, jiwe akaliacha limekaa sawasawa. Siku moja mchungaji alikuja kula kwetu Buganguzi. Alifumba macho akabariki chakula, na alipofumbua, kipande cha sato alichokuwa akikibariki hakikuwepo mezani. Mimi natia chumvi mambo mengi, nakiri, lakini hilo waliliona watu saba.

Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Sisi watoto tumetawanyika, na mimi niliye karibu nipo Kibeta, Bukoba mjini, nauza misumari na bawaba kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nikimpigia mama simu, baada ya shikamoo na marahaba, hakuwa na la kusema. Mvua imenyesha. Ndizi zipo. Kisha ghafla sauti ilipanda: "We! We mwana haramu, toka kwenye maziwa!" Hapo ndipo nilipokuwa namsikia mama yangu. Alicheka, akasimulia, akasahau kwamba simu inakula vocha. Mtu akiniuliza yule paka alikuwa na kazi gani, jibu langu ni hilo. Panya hakukamata hata mmoja.

Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ulipofika, jirani wa mama alisimamisha mtego wake kando ya kibanja cha migomba: mabati marefu yameinamishwa, mapipa chini, taa kali juu yake. Senene hufuata mwanga, hujigonga kwenye bati na kuteleza hadi ndani ya pipa. Paka aliona amefunguliwa mgahawa. Asubuhi jirani alimkuta ndani ya pipa, amezama kwenye senene hadi shingoni, anatafuna. Walicheka mpaka mama akaja kumtoa. Alipomwinua ndipo walipoona paja. Makali ya bati yalikuwa yamelichana, na mfupa ulionekana.

"Nakuletea," mama aliniambia kwenye simu. "Huko mjini kuna madaktari. Na wewe umesoma."

Hilo la kusoma nilieleze. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na sita, kwa masomo ya jioni, nikitoka dukani na vumbi la saruji kichwani, nikikaa dawati moja na watu wenye wajukuu. Mama alikitundika cheti changu ukutani kwenye fremu kubwa kuliko ya picha ya harusi yao. Tangu siku hiyo, kwake mimi ni mhandisi, wakili na daktari wa meno. Paa likivuja ananipigia. Jino likiuma ananipigia. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa najibu.

Paka aliletwa kwenye kikapu chenye mfuniko, amefungwa kitambaa cha kanga. Mama alinishika mkono pale kituoni.

"Mrudishe, baba. Hata akiwa na miguu mitatu. Nitamtukana hivyo hivyo."

"Mama, atarudi ana mitano," nikasema.

Bwana mifugo niliyempata alimtazama paka, akanitazama mimi.

"Ndugu yangu, mimi ni wa ng'ombe. Nguruwe, sawa. Kuku, kwa shida. Huyu hata pembe hana."

"Daktari, ni wa mama yangu."

"Basi mshike kichwa. Akining'ata, nakuchoma wewe."

Alisafisha, akashona, akachoma sindano. Akasema nimrudishe baada ya siku tatu kwa sindano ya pili, na katikati nisiruhusu inzi hata mmoja kukaa kwenye kile kidonda. Nililipa kwa kila kilichokuwa mfukoni, na kutoka siku hiyo tukagawana nyumba: paka akala dagaa, mimi nikala ndizi na harufu ya dagaa.

Mgonjwa gani yule! Bandeji nilimfunga asubuhi, jioni nikaikuta imeviringishwa kwenye mguu wa kitanda, kwa mpangilio kabisa. Alichagua kulala kwenye boksi la madaftari yangu ya shule, na usiku wa kwanza tu akayakojolea ya kemia. Siku ya pili alitoka kwa miguu mitatu, akapita mbele ya ng'ombe wa mama mwenye nyumba, akaenda moja kwa moja kwenye dagaa walioanikwa uani.

"Mpangaji!" mama mwenye nyumba aliita. "Njoo! Mgonjwa wako amekuja kunijulia hali!"

"Shikamoo mama. Nisamehe, nitamfunga."

"Umfunge na nini? Huyu ukimfunga kwenye nyumba, atakuja na nyumba."

Nilimpigia mama nikamsimulia, akacheka mpaka akakohoa. Nakumbuka nilikaa kitandani nimeshika simu nikafikiri: nikifanikiwa hili tu maishani, inatosha.

Siku ya tatu sikuwa na pesa ya sindano. Mshahara ulikuwa bado wiki mbili, na bosi wangu ukimwomba advansi anakuonyesha picha za watoto wake mmoja mmoja mpaka unaona aibu. Siku ya nne ikapita, na ya tano. Siku ya sita, Jumamosi, nilifungua bandeji nikaona kidonda kinatembea. Funza, wadogo, weupe. Paka alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakujaribu kuiba chochote.

Mama mwenye nyumba alichungulia mlangoni akaziba pua.

"Hao ni wa inzi," alisema. "Mbona ng'ombe wangu haguswi na inzi? Nina dawa yake. Ile ya kupe, ya kumwaga mgongoni. Imebaki kidogo chupani."

"Ni ya ng'ombe, mama."

"Na wewe si umesoma? Pima ya paka."

Hapo ndipo ilipo habari yenyewe, na hapa sitii chumvi. Laiti ningekuwa sijasoma, ningeogopa. Ningesema hii ni ya ng'ombe, mimi siijui, nikaenda kumpigia magoti bwana mifugo anichomee kwa mkopo. Lakini nilikuwa na cheti. Niliichukua chupa na nikamchukua paka, nikaenda nao dukani, nikamweka kwenye boksi la bawaba juu ya mizani ya misumari. Kilo tatu kasoro kidogo. Kwenye karatasi ya chupa iliandikwa mililita kumi kwa kila kilo mia moja za uzito. Nikageuza risiti, nikaandika uwiano, nikazidisha, nikagawanya. Sehemu tatu za kumi za mililita. Nikapiga mstari chini ya jibu, mistari miwili, kama tulivyofundishwa.

Chini ya vile vipimo karatasi ilikuwa imefunikwa na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Niliona maandishi yameendelea chini yake. Niliyaona kabisa. Ila nilikuwa nimeshapata namba niliyoitafuta.

Nilirudi nyumbani nikaivuta dawa kwa bomba la sindano, nikaidondosha kuzunguka kidonda. Kwa kuwa funza walikuwa wengi, nikaongeza tone. Wakaanza kudondoka hapo hapo! Mama mwenye nyumba akapiga makofi. Nikampigia mama.

"Nimemtengenezea dawa mwenyewe, kwa ile ya kupe ya ng'ombe," nikamwambia. "Nimepima uzito wake, nimepiga hesabu. Funza wote chini."

"Kwa kalamu?"

"Kwa kalamu, mama."

"Eee!" akasema, na nikasikia anamgeukia mtu aliyekuwa naye. "Unasikia? Amepiga hesabu kwa kalamu!"

Baada ya saa moja hivi masikio ya paka yalianza kuchezacheza. Nilidhani ni inzi. Kisha ngozi ya mgongo ikawa inatetemeka kama maji yakipigwa na upepo, na mate yakamtoka, mengi, akawa anajilamba, na mimi kwa ujinga nikafurahi kwamba anajisafisha. Alipojaribu kusimama alianguka upande wa mguu mzima. Nikampigia bwana mifugo.

"Umempaka nini?"

Nikamtajia.

"Paka? Mwoshe! Sabuni na maji, sasa hivi! Asilambe! Sabuni ya vyombo, ndugu, kimbia!"

Tulimwosha kwenye karai, mimi na mama mwenye nyumba. Degedege likaja tukamshika, likapita, likaja lingine. Alilia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa paka, nene, kama inatoka chini ya sakafu. Bwana mifugo alikuwa Muleba kwa ng'ombe aliyekwama kuzaa, alisema anakuja. Hakuwahi. Saa tisa alasiri paka wa mama alikuwa amenyooka kwenye taulo langu, amelowa, mdogo sana. Sikujua kwamba alikuwa mdogo hivyo. Manyoya na wizi vilimfanya aonekane mkubwa.

Mama mwenye nyumba alichukua chupa, akaisugua kwa kidole gumba chenye sabuni, akanipa. Yeye hakujua kusoma. Nikasoma. Usitumie kwa paka. Maneno matatu, kwa Kiswahili, kwa wino mwekundu.

Jioni nilimpigia mama.

"Paka amefariki," nikasema, nikatumia neno la watu.

"Kidonda kilikuwa kibaya," akasema. "Nilikiona. Umejitahidi, baba. Nani mwingine angempima paka kwa mizani?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama. Nimeshawahi kusema uongo mrefu unaotoka Bukoba mpaka Biharamulo, nao ulikuwa mzaha mtupu, kila mtu alijua na kila mtu akacheka. Huu ulikuwa wa maneno mawili na haukuchekesha mtu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Buganguzi. Niliapa njiani kwamba nitamwambia. Nilimkuta amerudi kanisani, bado yuko na gauni lake la ibada, amepika ndizi na maharage. Tulikula. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia meno yangu. Kila nilipofungua mdomo, niliuona ule ukuta na ile fremu, nikatia ndizi nyingine.

Mtu akapiga hodi uani.

"Nyegera waitu, karibu ndani," mama akaitika.

Alikuwa mke wa yule jirani wa mtego wa senene, amebeba kipaka kwenye kitenge na chupa ya plastiki mkononi. Kipaka kilikuwa kimejaa viroboto, kinajikuna bila kupumzika.

"Mwalimu amefika!" alinisalimia kwa furaha. "Nimekuja kwa kipimo. Mama yako ametueleza. Dawa tunayo, ile ile ya kupe. Wenzangu wawili nao wamesema niwaulizie."

"Mweleze, baba," mama alisema. Aliketi wima. Alikuwa na fahari usoni, ya kwanza tangu nifike. "Mweleze ile ya kilo."

Nilitazama kipaka. Kilikuwa kimetoa mguu mmoja kwenye kitenge, kinavuta uzi uliofungwa shingoni mwa chupa.

"Hakuna kipimo," nikasema.

"Vipi?"

"Dawa hiyo inaua paka. Hata tone. Imeandikwa kwenye chupa, sikusoma mpaka chini. Mama, hakufa kwa kidonda. Kidonda kingepona. Nilimuua mimi."

Jirani alikishika kipaka kwa mikono miwili, kana kwamba ningemnyang'anya. Aliiweka chupa chini polepole, akasema "Ee Mungu," akaaga bila kuketi.

Mama aliendelea kutazama mlango aliopitia jirani.

"Aliteseka?" akauliza.

Nilitaka kusema hapana. Nilikuwa hodari wa kusema hapana.

"Kwa muda wa saa nne, mama."

Alisimama. Nilidhani anaingia chumbani kulia, lakini alichukua mtandio wake, akavaa ndala.

"Nimewaambia watu," alisema. "Kanisani pia nimewaambia. Simama twende."

Tulizunguka nyumba tano jioni ile, kati ya migomba, kwenye njia zenye utelezi wa mvua ya mchana. Yeye mbele, mimi nyuma. Kila uani alibisha hodi, akasalimia vizuri, akakataa kiti, akakataa hata kahawa ya kutafuna tuliyokaribishwa, kisha akasogea pembeni ili nionekane.

"Sema," alikuwa akiniambia.

Nami nikasema. Nyumba ya kwanza walinipa pole. Ya pili mzee mmoja akaniuliza kama na masomo ya jioni yana cheti kamili au nusu, vijana wakacheka, na mama akasimama pale pale akiwaangalia mpaka wakanyamaza. Ya tatu na ya nne sizikumbuki. Ya tano tulikuta mlango umefungwa, na uani kulikuwa na paka mzee wa kijivu amelala juu ya gogo, manyoya yamelowa, yanang'aa, yananuka dawa. Alipotuona aliinua kichwa. Sikio moja lilikuwa linachezacheza.

Mama hakubisha. Alivua mtandio, akamfunika, akamkumbatia kifuani, juu ya gauni lake la ibada.

"Maji yako wapi?" aliniuliza. "Usinitazame mimi. Maji na sabuni viko wapi?"

Nikakimbia kutafuta.